Giga Moja, Mita Moja: Uzinduzi wa Swap ya Komini ya Tushirikiane

(Kolwezi, kiwanja cha mbele ya ofisi ya komini, saa nne na nusu asubuhi. Kati ya jukwaa na mlango wa ofisi, turubai la buluu limetandazwa chini na kuzungushiwa utepe. Nyuma ya utepe kuna foleni ya watu wenye mafaili mkononi, waliopanga mstari tangu kukicha. Kipaza sauti kinapiga filimbi mara mbili, kisha kinakubali.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wakubwa wa jimbo, ambaye ametutumia radhi zake kwa simu na radhi hizo nimezipokea nikiwa nimesimama. Waheshimiwa wakuu wa mitaa, wakuu wa bloku na wasaidizi wa wakuu wa bloku. Mababa mapadri, wachungaji na mashehe, kwa mpangilio wa alfabeti ili asiumie mtu. Marais wa ushirika wa wachimbaji. Madame rais wa mama wa soko, pamoja na kamati yake iliyotuazima viti. Wanahabari wawili walioalikwa, na yule wa tatu aliyefuata soda. Wageni wa heshima mlioketi kwenye viti vyenye mikono, wageni wa kawaida mlioketi kwenye viti visivyo na mikono, nanyi wananchi wapendwa ambao kusimama kwenu ni ishara ya uzalendo: mimi ninayezungumza nanyi, Mukalay Kitenge Stanislas, anayeitwa kwa mapenzi Tata Stany, Naibu Burgumestri, yaani naibu mkuu wa komini, mwenye dhamana ya Numeriki, yaani kompyuta, pamoja na Nyaraka na Makaburi, natamka kwamba itifaki yote imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naizingatia sasa hivi. (Makofi kutoka viti vyenye mikono.)

Leo ni siku ya kihistoria. Historia ya komini hii, mtakubaliana nami, imegawanyika katika vipindi viwili, yaani kabla ya kuteuliwa kwangu na baada ya kuteuliwa kwangu, na kile kipindi cha kwanza kilikuwa kirefu na hakikuwa na faida yoyote. Kabla yangu, ofisi hii ilikuwa na meza tatu, mhuri mmoja, na paka wa kulinda makaratasi. Baada yangu kuna mashini. Nasema mashini, umoja, kwa makusudi, maana mimi si mtu wa kujisifu kwa wingi wa vitu. Ni moja, lakini ninyi mnaiona hapa jukwaani, imevikwa kitambaa cha kitenge, na picha yake inaonekana kwenye shuka lile jeupe ukutani ili hata aliye mwisho wa foleni aone maendeleo kwa macho yake bila kusogea. (Mwisho wa foleni wanasogea.)

Sasa, mashini hii inatumia mfumo huria uitwao Linux, mfumo usio na mwenyewe, na kwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe kinaleta fujo katika utawala, nimekubali kuwa mwenyewe wake ndani ya mipaka ya komini hii. Ina kumbukumbu ya giga mbili. Kumbukumbu ya mashini, kwa wale ambao hawakubahatika kuhudhuria séminaire yangu ya siku tisa, ni kama meza ya karani. Unachokifanyia kazi unakiweka juu ya meza. Meza ikiwa ndogo na makaratasi yakawa mengi, karani wa kawaida hutoka nje kupumua, lakini mashini haipumui. Mashini huchagua kazi moja, ile iliyotanda kuliko zote, na kuiua papo hapo ili nyingine zipate kuishi. Na kazi iliyotanda kuliko zote katika ofisi yetu, wananchi wapendwa, ni kufungua daftari za watoto waliozaliwa kule Kisenge, ambao familia zao zilihamia kwetu, na ambao daftari zao tulizipiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha nzuri sana, kubwa sana, kwa kuwa niliagiza ziwe kubwa. Kila mama akifika dirishani, daftari linafunguka nusu, feni ya mashini inalia, na daftari linauawa. Kwa mujibu wa takwimu zangu mwenyewe, tangu Januari watoto mia nne na kumi na wawili wa komini hii wamezaliwa mpaka nusu. (Kicheko. Katika foleni, mwanamke mwenye faili la kijani hacheki.)

Ndipo akaja ofisini kwangu Mama Amisa Alimasi, huyu hapa aliyeketi mbele ya mashini, karani wa dirisha la vizazi, miaka ishirini na miwili ya huduma, mtu wa kimya na wa sala zake tano, mtoto wa familia ya wasafirishaji ambao malori yao mnayajua nyote kwa honi zake. Akasema ana dawa. Akasema mfumo huu unakubali kuwekewa swap, yaani kumbukumbu ya akiba, chini ya ile ya kwanza. Vitu ambavyo mashini haivihitaji kwa sasa vinateremshwa kule vikangoje, meza ikapata nafasi, na daftari la Kisenge likafunguka lote bila kuuawa mtu. Akasema giga nne zinatosha. Akasema anaomba vitu viwili tu: dakika kumi, na neno la siri la mkuu wa mashini, ambalo nimelifungia mimi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kasha, na kasha chini ya kiti changu.

Dakika kumi. (Anatua ili neno liwaingie.) Nawauliza, waheshimiwa: ni mradi gani wa serikali mliowahi kuuona ukafanyika kwa dakika kumi? Kitu kinachofanyika kwa dakika kumi hakina comité, hakina feuille de route ya kuonyesha njia, hakina ordre de mission ya kuruhusu safari, hakina fulana, na siku ya kukizindua utazindua nini? Nikamwambia Mama Amisa kwa upole wa kibaba kwamba wazo lake ni zuri lakini ni changa, arudi dirishani akaliache kwangu likomae. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita, na leo limekomaa. (Makofi. Mama Amisa anatazama mikono yake.)

Katika miezi hiyo saba tumefanya vikao thelathini na saba, thelathini na sita vya kuandaa na kimoja cha kuahirisha. Tuliunda Comité ya Pilotage ya Swap, yaani kamati ya kuongoza mradi, chini ya uenyekiti wa ndugu yetu Dimitri Kyungu, simama Tata Dimitri uonekane, (mwanamume mnene mwenye fulana ya mradi anainuka nusu na kuketi haraka) ambaye ndiye aliyetuletea fikra kubwa, fikra ya kizalendo, fikra ambayo mtu wa mji mwingine asingeweza kuipata hata angesoma mpaka ndevu zikaota mvi. Alisema: Mama Amisa amesema chini. Sisi ni watu wa Kolwezi. Je, kuna watu duniani wanaojua habari ya chini kutuzidi sisi? Nani asiyejua kwamba kule mtaani Kasulo mtu akikosa nafasi juu, huinua mkeka wa sebuleni akaitafuta chini? Watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, chini ya jiko, mgeni anakunywa chai na mwenye nyumba anaongea naye akiwa ndani ya shimo. Ikiwa nyumba ya kupanga ya Kasulo ina akiba chini yake, ofisi nzima ya komini itaikosaje?

Wakati huo nilisimama nikamkumbatia. (Makofi marefu. Watu wa Kasulo katika foleni wanatazamana.)

Mara moja tukapeleka misheni ya masomo mgodini Mutoshi, siku sita, kutazama mashimo ya kisasa; kisha misheni ya kulinganisha mpaka Kisenge, siku kumi na moja, kutazama mashimo ya zamani, ambayo yana hekima zaidi; na wataalamu wetu wakarudi na kipimo ambacho ni mchango wa jimbo letu la Lualaba kwa sayansi ya dunia: giga moja, mita moja. Ni chepesi kukumbuka na ni rahisi kukagua, maana giga huioni lakini mita unaiona. Swap ya giga nne ni shimo la mita nne, na ndilo hilo, waheshimiwa, lililolala mbele yenu chini ya turubai la buluu, likingoja mkasi wangu. (Watu wa mbele wanarudi nyuma hatua moja.) Msiogope, lakini msikanyage. Lina ngazi, lina dirisha la hewa, kuta zake zimenyooka, na ripoti ya Tata Dimitri yenye kurasa tisini inasema ukisimama chini yake unasikia kumbukumbu. Mimi binafsi sijashuka, kwa sababu ya suti. Nimesoma ripoti.

Sikuishia hapo. Mfumo huu una namba fulani inayoiambia mashini ikimbilie akiba kwa bidii kiasi gani, na namba hiyo kwa kawaida ni sitini. Mama Amisa alipendekeza kumi, ili mashini itumie kwanza meza yake na kuigusa akiba pale tu inapobanwa, kwa kuwa akiba ni ya polepole. Kumi, wananchi wapendwa, ni alama ya mtoto anayerudia darasa. Nikakataa kuidhalilisha komini. Kwa arrêté, yaani amri ya komini, namba kumi na nne niliyoitia sahihi kwa mkono huu, bidii ya swap yetu imewekwa mia kwa mia, na arrêté hiyo imebandikwa ubavuni mwa mashini kwa gundi, ili nayo iisome. (Kicheko na makofi, havitenganishiki.) Kwa matokeo ya mradi huu, asilimia mia moja na arobaini ya wananchi watahudumiwa, yaani hata wale ambao hawajahamia bado. Dirisha la vizazi litakuwa likifunguliwa kabla mtoto hajazaliwa. Wajumbe watatoka mabara yote kuja kushuka ngazi yetu, na mimi nitawasubiri hapa juu.

Na sasa tunafikia sehemu ya onyesho. Mimi ni mtu wa uwazi. Wengine huficha maneno ya siri. Mimi ninalo hapa, natoa bahasha mbele ya macho yenu, mhuri haujavunjwa, nauvunja, na nalisoma kwenye kipaza sauti ili isije ikasemwa kwamba utawala huu una siri. Neno la siri la mkuu wa mashini ni TataStany, neno moja, T kubwa, S kubwa. (Shangwe. Kijana mmoja wa redio anaandika. Mama Amisa anainua kichwa kwa mara ya kwanza, na vidole vyake tayari viko juu ya vitufe.) Haya, mama, iamuru mashini iwaonyeshe wananchi swap yao.

(Mama Amisa anaandika neno fupi. Kwenye shuka jeupe inatokea mistari miwili. Mstari wa pili unasema: Swap, sifuri.)

Sifuri. Mnaiona? Sifuri safi, ya mviringo, isiyo na doa. Ndiyo dalili kwamba hakuna kilichotumiwa vibaya. Katika miradi mingine mngekuta namba za ajabu ajabu, ninyi mmekuta sifuri, na... (Kicheko kinaanzia kwenye foleni na kupanda mpaka viti visivyo na mikono.) Waheshimiwa, tulieni, Comité itatoa ufafanuzi. Tata Dimitri, fafanua. (Tata Dimitri anaonyesha turubai kwa kidole, kisha mashini, kisha anainua mabega.) Ufafanuzi umetolewa. Shimo lipo, ila halijaungwa kwenye mashini, ni suala la waya tu, waya wa mita nne, na katika awamu ya pili...

Nani anazungumza? Mama, wewe mwenye faili la kijani, wakati wa maswali haujafika, kuna fomu ya maswali. (Mwanamke yule amevuka utepe na kusimama ukingoni mwa turubai. Anaitwa Mama Mbombo, anauza mihogo na karanga kwenye njia ya Mutoshi, na watu wengi hapa wamekula kwake.) Basi sema, mama, lakini kwa kifupi, kama mimi.

(Mama Mbombo anasema: "Tata Mukalay, mi nakusikia tangu asubui, na sikatae, unajua kusema. Mutoto yangu Shekina alizaliwa ku Kisenge. Liste ya Exetat banaifunga leo saa sita ya midi. Kama acte yake ya kuzaliwa haitoke, jina yake haiandikwe, na akikaa mwaka mumoja ku nyumba, mi najua hatarudi tena ku masomo, ataenda kuosha majiwe ya kobalti na benzake. Mi sina shida na shimo. Mi niko na shida na karatasi." Hakuna anayecheka.)

Mama, nimekusikia. Serikali imekusikia. Exetat ni mtihani wa taifa, nami taifa nalipenda. Nilipofanya Exetat yangu mwenyewe nilipata... nilipita. Ni saa ngapi? (Padri anamwonyesha saa yake.) Tano na robo. Kuna muda wa kutosha kumaliza hotuba, zimebaki kurasa kumi na nane, na baadaye utaratibu utafuata mkondo wake, en bonne et due forme, na... Mama Amisa, kwa nini unaandika wakati naongea? Nimesikia vitufe. Onyesho limekwisha, mama, ondoa mikono.

(Mama Amisa haondoi mikono. Anageuka kidogo na kusema, si kwa sauti kubwa, lakini kipaza sauti kinamchukua: "Chef, ile dakika kumi niliomba, njo hii naikamata. Ila disque imejaa. Kuko kitu moja tu kubwa ya kuondoa, giga tano. Ni video ya hotuba yako ya mwaka yenye ilipita. Niifute, ao niache?")

Hotuba ipi? (Anakaribia shuka jeupe na kusoma jina.) Maono ya Numeriki. Lakini hiyo... Mama Amisa, hiyo ni saa tatu na dakika arobaini. Hiyo nilivaa suti ya kijivu. Hakuna nakala nyingine, niliagiza isiwekwe pengine popote ili isiibwe. Waheshimiwa, mnakumbuka hotuba hiyo? (Wageni wa heshima wanatazamana.) Ile ambayo mvua ilitunyeshea na mimi sikukatisha? (Mtu mmoja anakumbuka mvua.) Ninyi mlikuwepo, hamkumbuki neno hata moja? Hata lile la treni ya chini ya ardhi kutoka hapa mpaka sokoni? (Padri anatazama saa yake.)

Aba. (Anavua miwani, anaifuta kwa tai, anaivaa tena.) Sikilizeni. Mimi pia nina binti, Mignonne, yuko darasa la tano la sekondari. Mwakani ni zamu yake, na acte yake... mama yake alijifungulia Kisenge, nilikuwa kazini kule. Naye amezaliwa mpaka nusu, kama wa wengine. Sikuliandika hilo kwenye hotuba. Miezi saba nakaa juu ya kasha lenye neno la siri na binti yangu yuko ndani ya daftari linalouawa kila siku, na kila jioni namwambia projet inaendelea vizuri. (Anaangalia kurasa kumi na nane zilizobaki mkononi.) Mama Mbombo, mutoto yako anasoma nini? (Anajibiwa: biolojia na kemia.) Biolojia na kemia. Mzuri kabisa. Mignonne naye vile.

Futa, mama.

Nasema futa, futa yote, hata ile suti. (Kitufe kimoja. Kwenye shuka jeupe, jina la hotuba linatoweka. Naibu Burgumestri anafumba macho na kuyafumbua.) Haya, kumbe mtu haumwi. Sasa endelea, nami nitawasomea wananchi unachofanya, maana bila mtu wa kusoma hakuna sherehe. Mstari wa kwanza: anatengeneza faili tupu la giga nne ndani ya disque. Disque, Tata Dimitri, ndani ya mashini, si uani. Mstari wa pili: analifunga faili, asilisome mtu yeyote ila mkuu wa mashini, ambaye ni mimi, na sasa ninyi nyote, nisameheni, tutabadilisha neno kesho. Mstari wa tatu: analipanga liwe swap. Mstari wa nne: analiwasha. Yeye anaandika, mimi nasoma, na kumi na moja na nusu ya Kifaransa... samahani, tano na nusu haijafika. Mistari minne, waheshimiwa. Sisi tulifanya vikao thelathini na saba. (Kicheko, lakini sasa ni kicheko cha watu wanaocheka na mtu.)

Na huo wa tano, mama? Anasema ni mstari wa kuiandika swap kwenye faili la mwanzo, ili kesho mashini ikizimwa na kuwashwa, irudi yenyewe bila kuomba ruhusa kwangu. Sawa, huo uache ubaki. Ule mwingine? Anasema ni ile namba ya bidii. Anaweka kumi. (Anaitazama arrêté namba kumi na nne iliyobandikwa ubavuni mwa mashini, kisha anaibandua kwa kucha, na kona moja inabaki.) Kumi ni namba nzuri. Iulize tena, mama, iulize mashini sasa.

(Kwenye shuka jeupe: Swap, giga nne. Kiwanja kinalipuka. Daftari la Kisenge linafunguliwa, feni inalia, watu wote wananyoosha shingo na mwanahabari wa tatu anasahau soda yake. Ukurasa unapanda polepole mpaka mwisho, namba ya swap inasogea kidogo, na daftari halifi. Imprimante ya ofisi inakohoa na kuchapa karatasi moja.)

Leteni hapa. Kalamu. Hapana, hiyo ya sherehe haina wino, hiyo ya karani. Mbombo Shekina, jinsia ya kike, amezaliwa Kisenge. Tazameni, herufi zote zipo mpaka chini. Naweka sahihi, mgongo wako, Tata Dimitri, inama, nataka mahali pa kuandikia, na mhuri, hapa. Mama Mbombo, shika bien. Dereva. Dereva wa komini yuko wapi? Chukua gari la cortège, lile la msafara, washa sirène, mpeleke mama huyu mpaka mlango wa shule, na kama mlinzi anauliza ordre de mission mwambie nimeitoa kwa mdomo. (Mama Mbombo ameanza kukimbia kabla neno la mwisho halijafika. Sirène inalia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mtu mwenye kanga.)

Sasa, kwa utaratibu, foleni itasogea mmoja mmoja, kushoto, mkizunguka turubai... kushoto, wananchi. Wananchi, pole pole. Musipite kati. Mita nne. Kuko shimo, bantu, kuko shimo, simameni, mutaanguka bote. (Foleni nzima, watu sitini wenye mafaili, imekata utepe kwa vifua na kumiminika kuelekea meza kwa njia fupi. Wanapita juu ya turubai la buluu. Wamesimama juu yake, wanasukumana juu yake, mama mmoja ameketi juu yake kumfunga mtoto mgongoni. Hakuna anayeanguka. Mchimbaji mmoja wa Kasulo anapiga kisigino mara mbili, anasikiliza, na kusema kwa uhakika wa kazi yake kwamba hapa chini ni sementi.)

Tata Dimitri. Shimo iko wapi?

(Tata Dimitri, ambaye bado ameinama, anajibu akiwa ameelekea chini. Anaeleza kwamba wachimbaji walikuja kweli, wakagonga, wakaitazama nyumba ya ofisi na nyufa zake, wakaionea huruma, wakachukua fulana wakaenda. Yeye akatandaza turubai akiwa na nia ya kuwaita tena.)

Na ngazi? Na ile dirisha ya hewa? Kurasa makumi tisa, Tata Dimitri, na "unasikia kumbukumbu"? (Anaanza kucheka. Anajizuia, anashindwa, anashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kicheko chake kinatoka kwenye spika zote nne.) Na mi nilisema sikushuka sababu ya suti. Nililinda suti kwa shimo yenye haiko.

Basi, waheshimiwa, kwa kufunga, maana hotuba lazima ifungwe hata kama imeshakufa, tuseme pamoja. Swap ya wote. (Swap ya wote.) Kumi ni namba nzuri. (Kumi ni namba nzuri.) Akti leo. (Akti leo, na hii wanaisema mara tatu bila kuombwa.) Namushukuru mwakilishi wa mwakilishi, yenye hakufika, na alifanya vizuri. Nawashukuru mama wa soko kwa viti. Nashukuru Comité ya Pilotage kwa miezi saba ya kupilota kitu yenye haikuwako, haikuchimbwa, haikuungwa na waya, na yenye sisi bote, kwa furaha kabisa, tumesimama juu yake. Namushukuru Mama Amisa. Dakika kumi uliomba, ulitumia nane, na mbili zenye zilibaki mi naziomba, kwa acte ya Mignonne, lakini kisha ya hii foleni, si mbele. Hotuba imeisha. Izimeni hii mikro, na munipe kile kiti kisicho na mikono, nikae hapa karibu na mhuri.

Wa pili, sogea, mama. Jina ya mutoto?